Kikombe cha Kwanza cha Gachau

Kwenye steji ya Kimbo, Ruiru, hakuna mtu anayekunywa supu ya Gachau kabla Gachau mwenyewe hajainywa. Sufuria hufunuliwa mapema asubuhi, wakati mafundi wa mjengo wanapoelekea kazini na watu wa bodaboda wakipanga pikipiki zao. Wateja husimama mbele ya kaunta ya mbao wakiwa wameshika vikombe vitupu. Gachau huchota, hupuliza mara moja, hunywa mpaka mwisho akiwa amesimama, kisha hukipindua kikombe juu ya ubao kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki. Hapo ndipo wengine hunyoosha mikono.

Utaratibu huu ulianza kwa shaka. Mwaka aliofungua kibanda, muuzaji mwingine wa eneo hilo alikuwa amewauzia watu supu iliyoharibika, na wengi wakaugua. Fundi mmoja wa mawe, Githae, alisimama mbele ya Gachau na kumwambia, kila mtu akisikia, "Kunywa wewe kwanza, tukuone." Gachau akanywa. Kesho yake Githae akarudi na kusema vivyo hivyo. Haikuchukua muda Gachau akaacha kungoja kuambiwa. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Githae ana mvi, bado huja, na bado husimama na kikombe kitupu mpaka mwenye sufuria ameze.

Supu yenyewe ni ya kichwa na miguu ya ng'ombe, na ni chungu. Uchungu huo ndio unaowaleta watu. Hutokana na magome na mizizi inayofungwa pamoja kwa kamba ya katani na kutumbukizwa kwenye sufuria, kama mama yake Gachau alivyofanya huko Gatundu. Nyumbani kwao mwanamke akijifungua alipewa supu hiyo. Mtu akivunjika mguu alipewa. Kijana akitoka kutahiriwa alipewa. Hakuna aliyeiita dawa. Iliitwa supu, ikaliwa na chapati au kiazi kilichochemshwa, na chumvi ikawekwa pembeni.

Gachau sasa ana miaka hamsini na tisa. Ni mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kwa kuzoea paa la chini la kibanda, na huzungumza polepole. Miaka mitatu iliyopita aliona choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Hakumwambia mtu. Aliendelea kuuza, akiegemea nguzo kila alipohisi kizunguzungu, mpaka asubuhi moja akaanguka na mwiko mkononi. Absalom, mwendesha bodaboda anayekunywa supu hapo kila siku, alimpakia kwenye pikipiki, akamweka abiria mwingine nyuma yake amshike asianguke, na kumfikisha hospitalini.

Madaktari walikuta uvimbe kwenye ukuta wa tumbo, mkubwa kama parachichi. Waliutoa. Lakini punje zake ndogo zilikuwa zimeshatua kwenye utando unaofunika matumbo, na hizo hazikuweza kuondolewa kwa kisu. Ilikuwa ni saratani ya aina isiyo ya kawaida sana, na kwa aina hiyo kuna kidonge.

Kidonge hiki hakifanyi kazi kama dawa za saratani ambazo watu wengi wanazijua, zile zinazotiririshwa kwenye mshipa na kuua kila seli inayokua haraka. Chenyewe hutafuta kitu kimoja kilichoharibika ndani ya seli ya uvimbe, kile kinachoiamuru iongezeke bila kukoma, na kukizima. Maadamu mgonjwa anameza kila siku, uvimbe hulala. Akiacha, huamka. Gachau aliambiwa hivyo kwenye kliniki ya Thika na Daktari Safaa, mwanamke kijana anayevaa hijabu ya kijivu na ambaye hana tabia ya kupamba habari. Aliambiwa pia kwamba dawa hiyo haing'oi nywele.

"Hiyo haitanisaidia," Gachau alisema, akijigusa kichwa chenye upara.

Kilichofanywa na kidonge ni kushambulia tumbo. Akikimeza bila chakula, alisikia kichefuchefu mpaka adhuhuri. Akikimeza na chakula, alihara. Asubuhi macho yake yalivimba kama ya mtu aliyelia usiku kucha, na jioni misuli ya miguu ilijikaza. Alijifunza mambo yake. Kidonge humezwa katikati ya mlo, si kabla wala baada, na bilauri kubwa ya maji. Kinyozi wa kibanda cha pili alimpa ufunguo wa choo chake na hakuuliza sababu. Wateja waliambiwa kwamba Gachau alifanyiwa upasuaji wa vidonda vya tumbo. Yeye ndiye aliyetoa habari hiyo, baada ya kufikiri. Nani angekula kwa mtu mwenye saratani ya tumbo?

Mambo mengine yote aliyabeba mkewe. Waceke hushona sare za shule nyumbani kwao, chumba cha mbele kikiwa na cherehani na kitanda kikiwa nyuma ya pazia. Aliondoa maziwa kwenye chai ya mumewe akamzoesha strungi. Alimpikia nduma, wali mweupe, ndizi za kuchemsha. Kila jioni alimhoji.

"Baba Njau, leo umeenda mara ngapi?"

"Wapi?"

"Usinifanye mtoto. Choo."

"Nne."

"Nne za ukweli ama nne za kunifurahisha?"

Gachau akavua viatu. "Sita."

"Sasa tumeanza kuongea," Waceke alisema, na kwenda kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji.

Mwaka wa kwanza na wa pili ilipita hivyo. Picha za tumbo zilionyesha kwamba uvimbe umelala. Lakini mwili wa Gachau ulikuwa ukipungua, na Waceke, ambaye alikuwa akipunguza suruali zake kwa mkono wake mwenyewe, aliujua upungufu huo kwa inchi. Akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwao angefanya. Alikwenda Makongeni, Thika, kwa Ndila, mama anayeuza magome na mizizi sokoni, na kumwambia amfungie tita lenye nguvu.

"Ni mtu amejifungua?" Ndila aliuliza.

"Ni mzee wangu. Hana damu."

Ndila akafunga tita nene kuliko la kawaida. Tangu hapo Waceke aliongeza magome maradufu kwenye sufuria ya kibandani, na kila jioni alimwekea mumewe chupa ya chai iliyojaa supu ya nyumbani, nzito na nyeusi. Gachau aliinywa yote. Alipenda kuona jinsi mkewe alivyokuwa akimtazama anapokunywa.

Ni muhimu kueleza kwamba watu hawa wawili hawakumficha daktari lolote. Kila mara walipokwenda Thika, Daktari Safaa aliuliza kama kuna dawa nyingine inayotumika, ya dukani, ya mitishamba, ya kupewa na mtu yeyote. Kila mara Gachau alijibu hapana, na Waceke, akiwa kwenye kiti cha pembeni, alitikisa kichwa kumuunga mkono. Wakati mmoja mtu aliwazuia nje ya lango la hospitali akitaka kuwapa chupa ya maji ya kijani inayotibu kila saratani. "Mimi nina daktari," Gachau alimwambia, na kumpita. Alimsimulia Daktari Safaa kisa hicho, naye akampongeza. Gachau alirudi Kimbo siku hiyo akitembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Waceke ndiye aliyeiona rangi. Ilikuwa adhuhuri, mumewe amerudi kupumzika, na uvimbe wa macho ulikuwa umeshuka. Alimwambia aketi karibu na mlango, kwenye mwanga.

"Tazama juu."

"Nitazame nini?"

"Tazama juu tu, Baba Njau."

Alichukua kipande cha kitambaa cheupe cha shati la shule na kukiweka karibu na jicho lake, kama anavyolinganisha uzi na nguo. Kitambaa kilikuwa cheupe. Jicho halikuwa. Alipomuuliza kuhusu mkojo, Gachau alikiri kwamba kwa siku kadhaa umekuwa na rangi ya strungi, na kwamba alidhani hanywi maji ya kutosha.

Vipimo vya damu vilionyesha kwamba ini limeumia. Daktari Safaa aliwaeleza bila haraka. Kila kinachoingia mwilini hupita kwenye ini, na kidonge hiki huvunjwavunjwa humo. Seli za ini zikiumia huvujisha kwenye damu vitu ambavyo vinapaswa kubaki ndani yake. Kiasi kilichovuja kwa Gachau kilikuwa kimepita mara tano ya kiwango cha juu cha mtu mzima wa afya.

"Tunasimamisha kidonge," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka ini lishuke. Likishuka tunarudi na kipimo kidogo. Likikataa kushuka, au likishuka kisha likapanda tena, itabidi tukiache kabisa."

"Na uvimbe?" Waceke aliuliza.

Daktari hakugeukia kompyuta yake. "Uvimbe haungojei ini, mama."

"Vidonge vingine vipo?"

"Vipo. Navyo hupita kwenye ini hilohilo, na kuvipata hapa kwetu ni kazi ngumu. Ningependa sana tusifike huko."

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu kwa sababu Gachau alijisikia vizuri. Bila kidonge kuhara kuliisha. Uvimbe wa macho ulishuka, akatambulika. Alikula githeri na kuomba nyingine.

"Mzae umerudi kijana," Absalom alimwambia asubuhi moja. "Ama umeoa wa pili?"

"Wa kwanza hajanimaliza," Gachau akajibu, na kibanda kizima kikacheka.

Waceke hakucheka aliposimuliwa. Kila mumewe alipolala mchana, aliweka kiganja chake juu ya kovu la upasuaji na kukiacha hapo kwa muda, kana kwamba kitu kinachokua ndani kingeweza kuhisiwa kwa mkono. Kwake, kila siku ya tumbo lililotulia ilikuwa siku ambayo hakuna anayelinda. Akajitahidi kwa njia aliyoijua. Ini linahitaji nguvu, alisema, na chupa ya jioni ikazidi kuwa nzito.

Kipimo kilichofuata kilikuwa kimeshuka kidogo tu, kiasi cha kutia moyo mtu asiyejua kusoma namba hizo. Daktari Safaa alipima homa za ini. Hakuna. Aliuliza kuhusu pombe. Gachau aliacha muratina mtoto wake wa mwisho alipozaliwa. Aliuliza kuhusu dawa za maumivu. Hakuna. Aliuliza tena kuhusu mitishamba, na wote wawili wakasema hapana. Akawapa tarehe nyingine, na kuwaambia kwamba siku hiyo ndiyo wataamua.

Siku hiyo Waceke alibeba chupa ya ziada. Ilikuwa ya Jentrix, muuguzi kutoka upande wa Mumias ambaye huchukua damu ya Gachau. Mishipa ya Gachau hujificha, na Jentrix huibembeleza kwa maneno mpaka itokee. Waceke alitaka kumshukuru kabla mambo hayajaharibika, ikiwa yangeharibika.

"Sista, nimekuletea kitu kidogo."

"Mama Njau! Si ungeniletea mutura ya kuchoma." Jentrix alikuwa ameshafungua chupa. Alimimina kwenye kifuniko, akanusa, akanywa funda moja, na uso wake wote ukajikunja. "Uuuwi! Mama, mnataka kuniua niache watoto?"

Gachau alicheka mpaka pamba iliyobandikwa mkononi ikaanguka. "Hiyo ni supu ya wanaume, sista."

"Basi wanaume wana shida. Imewekwa nini?"

"Kichwa, miguu, kitunguu, chumvi," Waceke alisema.

"Na?"

"Na magome."

Jentrix alikiweka kifuniko mezani. "Magome ya nini?"

Waceke alitaja aina mbili kwa Kikuyu. Ya tatu aliijua kwa harufu tu, na mizizi alimwachia Ndila achague.

"Mzee huinywa hii?"

"Tangu nizaliwe," Gachau alisema. Alikuwa bado anatabasamu. Jentrix alichukua chupa na kuingia nayo kwa daktari.

Daktari Safaa aliinusa, akaifunga, akaiweka katikati ya meza. Alionekana kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima na kuukuta mlangoni.

"Mzee, nimekuuliza kila ukija."

"Uliniuliza dawa, daktari."

"Ndiyo."

"Hii ni chakula. Mimi naiuza. Watu wanakula na chapati."

Daktari aliitazama tena chupa. "Nilipaswa kukuuliza unakula nini," alisema. "Unakunywa kiasi gani?"

"Kikombe cha kwanza cha kila sufuria. Mimi ndiye mwenye sufuria."

"Na jioni," Waceke alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Jioni namwekea ya nyumbani. Na nimekuwa nikiweka magome mara mbili. Alikuwa amekonda."

Aliyoyasema Daktari Safaa baada ya hapo yanastahili kuandikwa kama alivyoyasema, kwa sababu hakudai zaidi ya anachojua. Alisema huenda ni kidonge peke yake kilichoumiza ini, hilo hutokea. Huenda ni magome peke yake. Huenda ni vyote viwili vikigombania ini moja. Hakuwa na njia ya kujua kilichomo ndani ya chupa ile, wala kiasi chake. Alichoweza kufanya ni kukiondoa kitu kimoja na kupima.

"Usinywe tena. Hata kuonja."

"Na kama ini halitashuka?"

"Basi kidonge kimeisha, mzee. Na sitakudanganya kwamba nina kingine mkononi."

Nyumbani, Gachau alimkuta mkewe ameketi kwenye cherehani na tita la magome mapajani. Alikuwa akifungua kamba ya katani, fundo kwa fundo, bila sababu.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakutilia," alisema.

"Ulinitilia supu."

"Nilimwambia Ndila afunge lenye nguvu."

"Na kweli lilikuwa na nguvu."

Waceke alianza kucheka, kicheko kikageuka katikati. Gachau akavuta stuli na kuketi mbele yake, magoti yakigusana. Si mtu wa kushika watu mikono. Alichukua tita, akaanza kufungua fundo lililofuata, naye akamwachia.

"Mama Njau, haya magome nimewanywesha Kimbo nzima, na Githae bado anabeba mawe. Wewe hukukosea. Ni ini langu limekuwa na wageni wengi."

Kwanza alijaribu kuuza supu bila magome. Hiyo angeweza kuinywa. Githae aliionja na kukitazama kikombe upande wa chini, kana kwamba kinavuja.

"Gachau, hapa umeoshea nini?"

Supu ya kichwa isiyo na uchungu inauzwa kila kona ya Kimbo. Baada ya siku chache wateja walianza kuvuka barabara, na sufuria ikabaki nusu hadi jioni. Gachau akarudisha magome, kwa kiasi cha zamani. Asubuhi hiyo akasimama nyuma ya kaunta, watu wakiwa na vikombe vitupu, naye mkononi ameshika kikombe ambacho hakutakiwa kukinywa.

Alikipuliza. Harufu ilikuwa ya nyumbani kwao Gatundu. Angeweza kugusisha midomo tu, au kunywa hicho kimoja. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa ini. Akakiweka chini kikiwa kimejaa.

"Mzae, kunywa twende kazi," Absalom alisema.

"Kunyweni nyinyi."

Hakuna aliyesogea.

"Wewe kwanza," Githae alisema.

"Leo sinywi."

"Kwa nini?"

"Sinywi tu."

Kijana mmoja wa mjengo alirudisha kikombe chake ubaoni taratibu na kuelekea kwa mama wa chapati. Mwingine akamfuata. Githae aliinama juu ya sufuria akachungulia, kisha akamtazama Gachau kwa macho yaleyale ya mwaka ule wa kwanza.

"Gachau, umeweka nini humu?"

Waceke alikuwa nyuma, karibu na gunia la makaa. Alikuja asubuhi hiyo kwa sababu alimjua mumewe na aliogopa hicho kikombe kimoja. Yeye mwenyewe hakuwa ameonja supu ile tangu kujifungua mtoto wa mwisho. Mama mkwe wake aliwahi kumnywesha asubuhi na jioni mpaka akaapa kwamba hata akizaa mapacha haitapita tena kooni mwake. Alijipangusa mikono kwenye leso, akamsogeza mumewe kwa bega.

"Nipishe."

Alichukua kikombe na kuanza kunywa. Haikuwa haraka. Katikati alisimama, machozi yamemjaa, pumzi imekatika.

"Maliza, mama," Absalom akasema. "Hata sisi huwa tunalia, ila kwa ndani."

Watu wakacheka. Waceke alimaliza, akakipindua kikombe juu ya ubao, akangoja kooni pakae sawa.

"Mume wangu ana saratani," alisema. "Si vidonda. Haiambukizi na haimwagiki kwenye sufuria. Anameza dawa, na hiyo dawa na haya magome haviwezi kukaa kwenye ini moja. Daktari amemkataza hata kuonja. Kwa hivyo kikombe cha kwanza sasa ni changu. Nani ana swali?"

Gachau alikuwa akitazama ubao. Kwa miaka mitatu alikuwa amelihofia neno hilo kulisikia likitamkwa mahali pale, na lilikuwa limetamkwa, na sufuria ilikuwa bado inatoa mvuke.

Githae ndiye aliyekuwa na swali. "Chumvi iko?"

"Imezidi," Waceke akajibu.

"Imezidi miaka ishirini," Githae alisema, na kunyoosha kikombe chake.

Si wote waliobaki. Wachache hawajarudi mpaka leo, na mmoja alimwambia Absalom waziwazi kwamba hawezi kula kwa mtu wa tumbo bovu. Absalom alimjibu maneno ambayo hayawezi kuchapishwa hapa. Lakini siku hiyo sufuria iliisha kabla ya saa sita mchana.

Ini lilishuka. Lilishuka polepole, kipimo baada ya kipimo. Waceke akatoa kitambaa chake cheupe kila adhuhuri, mpaka siku moja akashindwa kuona tofauti. Namba zilipofika mahali Daktari Safaa alipokuwa akizingojea, alimwandikia kidonge tena, kwa kipimo kidogo kuliko cha mwanzo, na kumtaka apime damu mara kwa mara kwa sababu yeye daktari bado angeweza kuwa amekosea. Mpaka leo hajui kwa hakika ni nini kilichoumiza ini, na anasema hivyo kila anapoulizwa. Picha ya tumbo ilionyesha kwamba uvimbe haukuongezeka wakati wa pengo lile. Ijayo itaonyesha itakachoonyesha.

Siku chache baada ya kuanza tena, Gachau aliamka na macho yamevimba. Tumbo lilikuwa limeshamtoa nje alfajiri, na lilikuwa linataka kumtoa tena. Waceke alimshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga, akaitazama ile miviringo miwili iliyojaa chini ya macho kama anayetazama mtu aliyekuwa safarini.

"Karibu tena," aliiambia.

Siku hizi Gachau hubeba nduma yake kwenye bakuli na kula kibandani, mbele ya kila mtu. Chumvi imepungua, baada ya mabishano. Sufuria inapofunuliwa, Waceke huchota kikombe na kupuliza. Gachau anapofika katikati ya mlo, hutoa kidonge, hukiweka ulimini, na kunywa bilauri nzima ya maji, koo lake likipanda na kushuka. Wanamaliza karibu pamoja. Waceke bado hukunja uso, na Absalom bado humfanyia mzaha.

Githae husimama mbele na kikombe kitupu.

"Umemeza?" huuliza.

Gachau hufungua mdomo na kuinua ulimi. Fundi wa mawe huinama kidogo kuchungulia, huridhika, kisha humgeukia Waceke. Waceke hukipindua kikombe chake juu ya ubao, na watu hunyoosha mikono.